Seti na Alasiri Isiyotua

“Na vikombe je? Vikombe utavipeleka wapi, Bi Zawena?”

“Sivipeleki popote. Ni vyake.”

“Vyake! Na saa ni zake, na nywele za wanawake ni zake, na zege la mafundi ni lake. Mtu mmoja! Huyo ni mgeni au ni soko?”

“Bwana Shaibu, punguza sauti. Mwenyewe yuko hapa, anakusikia.”

Mwenyewe alikuwa hapo kweli, ameketi kwenye benchi chini ya dirisha, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesikiliza waganga wakibishana ni mguu upi wa kukata. Jina lake Seti. Alikuwa ametoka kwa Waingereza kwa miguu, hakubeba hata kifurushi, na tangu aingie mjini hakuna aliyekubaliana na mwenzake kuhusu sura yake. Msusi aliapa kwamba ni msichana mwembamba mwenye vidole virefu. Fundi mwashi alisema ni mwanamke mnene, mzito, anayekaa mahali akakaa kweli. Mwalimu alimwona amevaa miwani. Zawena alimtazama na kuona mwanamke wa umri wake, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja.

“Nataka vikombe,” alisema Bwana Shaibu. “Vikombe sita, visahani sita, birika moja, vinavyofanana. Hiyo ni kazi safi, inaeleweka. Mwandikie hiyo, zilizobaki kata. Nina wageni.”

“Wageni wako wanakunywa chai tu? Hawana saa?”

“Usinichezee, Bi Zawena.”

Katika mji huu maneno ni watu. Wanakula, wanapiga chafya, wanagombana na majirani. Kila mmoja ana chumba chake kwenye barabara moja ndefu ambayo mwisho wake haujaonwa, na juu ya mlango kuna jina lake, na chini ya jina, kazi yake. Ukitaka kufagia unagonga kwa Fagia, anatoka, ua wako unafagika. Ukitaka kulia unagonga kwa Lia, naye hakuulizi sababu. Asiyegonga hapati.

Sheria ilikuwa fupi, na Bwana Shaibu, Mkuu wa Vyumba, aliipenda kwa ufupi wake: neno moja, chumba kimoja, kazi moja. Neno likionekana na kazi zaidi, linaletwa kwa karani. Karani analiandika katika daftari la vyumba, kisha analiuliza swali la desturi: kazi ipi unaipenda zaidi? Jibu likishatolewa anachukua mkasi. Maana kazi za neno huning'inia mgongoni mwake kama nyuzi za pindo lililofumuka, na kwa mkasi mkali hata maumivu hayapo. Nyuzi zilizokatwa hutupwa katika kisima nyuma ya ofisi. Kisima hakina maji, wala kitu kikianguka humo hakitoi sauti.

Karani alikuwa Zawena. Mkono wake ulikuwa mwepesi, maandishi yake yalisomeka, na kwa miaka yote ya ukarani wake hakuwahi kuacha kazi ya leo kwa ajili ya kesho. Watu walimsifu kwa hilo, naye alijisifu, mpaka alipomkata Tua.

Tua aliletwa ofisini akiwa hoi. Ndege wakitaka tawi, walimwita yeye. Wapagazi wakifika na mizigo, walimwita yeye. Jua likichoka, yeye ndiye aliyelishika kiunoni na kuliteremsha nyuma ya vilima, taratibu, kila jioni, bila kulikwaruza. Zawena alikuwa na haraka siku ile. Binti yake Kidawa alikuwa na homa, na maharage alikuwa ameyaacha motoni. Akauliza swali la desturi, na Tua akajibu kabla halijaisha: ndege. Nani asingesema ndege? Ni wepesi. Zawena akaandika ndege, akakata zilizobaki, akatupa kisimani, akakimbilia maharage yake. Hakuuliza jambo ambalo hata Kidawa mwenye homa angeuliza: hivi sasa, huko nje, nani ana mzigo kichwani?

Mumewe, Mfaume, alikuwa na kitanda kichwani. Kitanda cha maharusi, cha mninga, futi tano kwa sita, miguu minne ikitazama mbinguni. Alikuwa amebakiza hatua thelathini kufika kwa bibi harusi. Alifika, akasimama mlangoni, akapiga goti, akainama, akafanya yote anayofanya mpagazi, na kitanda hakikutoka kichwani. Walikwenda kumwita Shusha. Lakini Shusha alishakatwa zamani, akaachiwa pazia peke yake, akaja na kushusha mapazia yote ya nyumba ile. Walimwita Weka, Weka amebakiziwa siri, akasikiliza habari yote kwa makini na hakumwambia mtu. Mtu mmoja akapendekeza Tupa. Mfaume alikataa. Alisema kitanda cha watu hakitupwi, yeye ni mpagazi, si kimbunga. Tangu hapo anazunguka, kwa sababu mpagazi aliyesimama huumia shingo kuliko anayetembea. Wako wengine kama yeye, labda arobaini. Mwenye gunia la mkaa. Mwenye kabati la vioo. Mama mmoja mwenye ndizi, ambazo zimeiva, zimeoza, zimekuwa mbichi tena.

Maana jua nalo lilibaki pale lilipokuwa, saa kumi alasiri, juu ya paa la mashine ya kusaga, na limebaki hapo. Ni vigumu kumweleza mtu wa mahali pengine alasiri isiyokwisha ni kitu gani. Si mwanga mbaya. Ni mwanga wa rangi ya uji wa ulezi, unaopendeza, na kivuli cha kila kitu ni kirefu kuliko kitu chenyewe. Lakini wakati ukikosa mahali pa kulala huanza kuzurura kama mlevi, huingia nyumba isiyo yake. Kidawa alikwenda shule mtoto, akarudi ana mvi, akaomba chakula kwa sauti ya bibi kizee, akala, akajilaza, akaamka ana miaka minne na kidole mdomoni. Zawena alizoea kuandaa nguo za saizi tatu kitandani na kungoja aone nani atakayeingia mlangoni. Hakulalamika. Alifua zote tatu. Lakini kila Mfaume alipopita dirishani pa ofisi, naye alipita kila mzunguko, Zawena alimwinulia kikombe cha uji chenye mrija, kwa kuwa mtu mwenye kitanda kichwani hawezi kuinua kidevu. Alikunywa. Alisema ahsante, Mama Kidawa. Akaendelea. Hakuwahi kumwuliza aliyemkata Tua ni nani. Alijua. Na kule kutouliza kwake kulikuwa kuzito kuliko kitanda.

Haya yote yalikuwa mle ofisini, pamoja na Bwana Shaibu na vikombe vyake, wakati Zawena alipogeuka na kumwuliza mgeni kwa ukali, kama mtu anayetaka jambo liishe:

“Dada, hebu nitajie. Kazi zako zote. Usifiche.”

“Zote?” Seti alisema. “Una nafasi?”

“Jua halitembei. Ninayo.”

Seti akafikiri kidogo, kisha akaanza, bila majivuno, kama mama anayetaja watoto wake kwa kufuata walivyolala.

“Natengeneza nywele zikae zilivyopangwa. Naiambia saa iliyopotea ni saa ngapi. Nakusanya vitu vya ukoo mmoja, vikombe, viti, funguo za fundi, nisiache hata kimoja. Zege likiwa bado uji, nalitazama mpaka liwe jiwe. Natunga mtihani. Nagawa mchezo wa mpira wa wavu vipande, ili aliyeshindwa cha kwanza aweze kushinda cha pili. Hizo mmeziona hapa. Kwetu nina zaidi.”

“Nilisema!” alisema Bwana Shaibu. “Zaidi!”

“Kwetu naandaa meza kabla watu hawajaketi. Narudisha mfupa uliovunjika mahali pake, na hapo huwa napigiwa kelele sana. Nakaza kito kwenye pete. Natega mtego, sikatai, hiyo nayo nafanya. Naanzisha moto. Naanzisha safari, mtu akishika njia alfajiri, niko miguuni mwake. Nikikutana na Huru tunafungua vizimba pamoja. Napanda miche. Mtu akiwa amechoka kushika kitu, napokea, nakiweka chini pale anapotaka, na kwa namna anayotaka.” Akatupa jicho dirishani. “Na jioni, nalaza jua.”

Nje, mashine ya kusaga ilinguruma ikanyamaza.

Zawena alikalia kiti chake bila kukivuta. Yeye si mtu wa kushangaa ovyo. Alikuwa ameona maneno elfu nne yakipita kwenye benchi lile, mengine mazuri ajabu, mengine ya kujipamba, na yote aliyatazama kwa jicho la mama anayekagua masikio ya watoto. Lakini huyu alimgusa mahali. Haikuwa wingi wa kazi. Fundi cherehani naye ana vitambaa vingi. Ni kwamba kazi zile hazikugombana ndani yake. Aliyetega mtego alifungua kizimba. Aliyelifanya zege liwe jiwe alimwambia msafiri haya, ondoka. Na mwanamke yule aliketi pale na viatu vyake vilivyolika, mzima, hana mpasuko hata mmoja.

Mtu ni mmoja kwa nini? Zawena aliwaza. Kwa sababu ana jina moja? Mimi nilipoamka nilikuwa mpishi. Nikawa muuguzi. Nikawa hakimu, kesi ya sahani iliyovunjika. Nikawa msusi, mkia mmoja wa nywele, mtoto akakimbia. Nikafunga kanga nyingine nikawa karani. Nani alinikata? Hakuna. Nani angethubutu? Lakini mkasi ninao mimi.

Na nani anayefaidika neno likiwa na kazi moja? Mwenye neno, hapana. Mwenye haja, hapana. Neno lenye kazi moja haliendi popote, unajua pa kulikuta. Linaitika haraka. Halijui kwamba jirani yake anaumwa, maana hiyo si kazi yake. Ukiwa na mji wa maneno kama hayo unaweza kuutawala ukiwa umeketi.

Akamtazama Bwana Shaibu, aliyekuwa ameketi.

Wakati huo mlango ulisukumwa akaingia Tua. Siku hizi hukaa juu ya paa, na alikuwa ameteremka na njiwa wawili begani na mavi ya ndege mgongoni kama ramani. Ni mwanamke mrefu, na alikuwa amekonda.

“Nimesikia kupitia bati,” alisema. “Samahani, Bi Karani. Nina neno na mgeni.”

“Huna ruhusa,” alisema Bwana Shaibu.

“Sijaomba.” Akamwinamia Seti. “Ndugu yangu, watakuuliza unapenda ipi. Usijibu. Mimi nilijibu. Nilikuwa nimechoka, nikadhani wananipumzisha. Ndege ni wazuri, sisemi. Lakini nawaona wale wanavyopita chini yangu na mizigo, nanyoosha mikono, na mikono haikumbuki.”

“Tua,” alisema Zawena.

“Sikulaumu, Bi Karani. Maharage yalikuwa yanaungua.”

“Yaliungua hata hivyo,” alisema Zawena, na sauti yake ikakwaruza.

Bwana Shaibu alipiga meza kwa kiganja. “Desturi! Fuata desturi, tumalize. Muulize.”

Zawena hakuwa mtu wa kukwepa desturi. Alisimama, akakunja mikono ya gauni, akauliza kwa sauti ileile ya siku zote: “Kazi ipi unaipenda zaidi?”

Seti alimtazama Tua, kisha akamtazama Zawena. “Ile ninayoitiwa,” alisema.

“Hilo si jibu,” alisema Bwana Shaibu.

“Ndilo nililonalo, baba. Nikiitiwa saa, naipenda saa. Nikiitiwa mfupa, naupenda mfupa. Ningekuwa na ninayoipenda zaidi, zile nyingine ningezifanya vibaya.”

Zawena alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kifupi, na kikamshtua mwenyewe, maana hakukumbuka ni alasiri ngapi zilizopita tangu acheke mara ya mwisho, ikiwa alasiri zinahesabika. Hapohapo dirishani ikapita miguu minne ya mninga, na chini yake uso wa Mfaume, umelowa jasho, macho mbele. Alisimama kungoja uji. Uji haukuja. Alijaribu kugeuza kichwa kuona kulikoni, akashindwa, akageuza macho tu.

“Mama Kidawa? Kuna nini leo?”

“Ngoja hapo, Baba Kidawa. Usiende.”

“Nikisimama shingo inawaka.”

“Iwake kidogo. Ngoja.”

Bwana Shaibu alishalisukuma daftari mbele ya Zawena na kufungua ukurasa. “Vikombe,” alisema. “Mwandike: Seti, chumba cha elfu nne na tisa, vikombe. Kisha mkasi. Sikuombi, Bi Zawena, nakuamuru. Usipofanya, ofisi hii si yako, na nyumba ya ofisi si yako, na binti yako, wa umri wowote atakaorudi nao, atakukuta barabarani.”

Alimaanisha, na Zawena alijua anamaanisha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na bati lisilovuja. Aliziona nguo tatu za Kidawa zimetandazwa juu ya kitanda. Alizihamisha kwa mawazo kwenda kwa dada yake, kule kwenye kibanda cha mashine. Akaona zinatosha kwenye msumari mmoja. Sawa. Akamwona Mfaume akiingia humo bila kitanda kichwani. Akaangalia ukurasa. Ulikuwa mweupe. Neno lisiloandikwa halina chumba. Lisilo na chumba halina mlango. Lisilo na mlango halina mahali pa kuandika kazi yake, moja wala mia. Sheria yote ilianzia kwenye ncha ya kalamu yake, na sikuzote ilikuwa imeanzia hapo, naye hakuwahi kuiona kwa sababu alikuwa na kasi.

Alifunga daftari.

“Siandiki,” alisema.

“Unasemaje?”

“Siandiki. Huyu hajaandikwa, kwa hiyo hakatwi. Ukitaka, kalamu hiyo hapo, mwandike wewe.”

Bwana Shaibu alinyakua kalamu. Akaifungua, akafungua na daftari. Akaiweka juu ya karatasi, na mkono wake ukabaki pale, kama mkono wa mtoto wa siku ya kwanza shule. Maana juu ya mlango wake mwenyewe, kwa herufi za dhahabu alizochagua yeye, ilikuwa imeandikwa kazi moja: kuamuru. Alikuwa mtiifu kwa sheria yake kuliko mtu yeyote mjini. Aliamuru kalamu iandike. Aliiamuru tena. Tua alifunika mdomo kwa kiganja, na njiwa mmoja akaruka akaenda kusimama kwenye bega la Mkuu wa Vyumba, akatulia hapo vizuri sana.

“Amekupenda,” alisema Tua.

Zawena alikuwa ameshatoka. Alimshika Seti kiwiko wakapita mlangoni pamoja, wakashuka ngazi tatu, wakafika kwenye vumbi lenye rangi ya uji. Mfaume alikuwa amesimama pale, magoti ameyakaza, mishipa ya shingo kama kamba za kitanda chenyewe. Nyuma yake mwenye gunia la mkaa alikuwa amesimama kuona kulikoni, na nyuma ya huyo mwenye kabati la vioo, na mama wa ndizi.

“Baba Kidawa,” alisema Zawena. “Mimi ndiye niliyemkata Tua.”

“Najua.”

“Nilikuwa na haraka.”

“Najua, Mama Kidawa. Nilikuwa nangoja uniambie.” Macho yake yaligeuka pembeni yakamtafuta mgeni. “Huyu ni nani?”

“Huyu ni wa kutoka mbali. Ana kazi nyingi.” Akamgeukia Seti, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba badala ya kuandika. “Dada. Nakuitia hiki.”

Seti alivua viatu, akakanyaga vumbi kwa nyayo tupu. Akainua mikono. Kwa kitambo kifupi Zawena alimwona kama walivyomwona wote kwa pamoja, mwembamba wa msusi na mnene wa mwashi na mwenye miwani, na wengine ambao hajawaona, mvuvi wa mtego, fundi wa pete, tabibu wa mifupa, wote katika gauni moja, wakishika mbao ile pande zote. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Kitanda kiliondoka kichwani mwa Mfaume kikiwa bado kinatazama juu, kikageuka hewani polepole kama mtu anayejigeuza usingizini, na miguu minne ikagusa ardhi mmoja baada ya mwingine, tik, tik, tik, tik.

Mfaume alisimama, shingo imenyooka kwa mazoea. Kisha kichwa chake kikaanza kuinama, kidogo kidogo, mpaka kidevu kikagusa kifua, na hapo akakaa juu ya kitanda cha watu, kitu ambacho mpagazi hafanyi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Zawena alikaa karibu naye. Aliweka mkono wake nyuma ya shingo ile, palipokuwa na sugu nene kama kisigino. Akakaa hapo kwa muda wa kutosha. Si zaidi.

Barabara ilikuwa imejaa. Wapagazi walikuwa wakija kutoka kila upande, wamebeba madaftari ya shule, mitungi, mlango mzima na fremu yake, na walikuwa wameanza kusukumana.

“Sogea, Baba Kidawa,” alisema Zawena akisimama. “Kuna watu nyuma yako. Ninyi! Msisukumane. Foleni moja, huku, ukutani. Wenye vioo mbele.”

Seti alikuwa anapangusa mikono kwenye gauni. Alikuwa akitazama juu ya paa la mashine ya kusaga.

“Na lile jua?” aliuliza.

Zawena alilitazama. Lilikuwa limechoka, ungeweza kuona, limevimba pembeni kama jipu. Kisha akaitazama foleni, na kabati la vioo lililokuwa likiyumba.

“Lisubiri zamu yake,” alisema. “Anayefuata!”